Amepimwa Nini?

Shujaa alikuwa na miezi 11 nilipogundua kwamba hapandi ngazi kama mbwa wengine. Miguu ya mbele ilipanda mmoja mmoja, lakini ile ya nyuma iliruka kwa pamoja, kama ya sungura. Tuliona ni madaha ya mbwa mdogo. Nikampiga video, nikawatumia ndugu na marafiki, wakacheka, nami nikacheka. Video hiyo bado ninayo kwenye simu na siwezi kuitazama hadi mwisho, kwa sababu sasa najua ninachokiona mle ndani: mbwa anayekwepa maumivu.

Zilipita wiki nyingine tatu kabla sijampeleka kwa daktari. Wakati huo alikuwa ameanza kuketi kiubavu, nyonga moja ameilaza sakafuni, na asubuhi alijikokota hatua tano sita kabla mwili haujafunguka. Daktari alimshika paja, akalisogeza taratibu kwenda nyuma. Shujaa, ambaye hajawahi kumwonyesha mtu jino, akageuza kichwa na kuuweka mdomo wake juu ya mkono wa daktari. Hakuuma. Aliuweka tu pale, kama mtu anayekuomba usiendelee.

"Lakini huyu amepimwa, daktari," nilisema. "Ana cheti. Hata wazazi wake wamepimwa."

Daktari hakuinua macho, alikuwa bado anampapasa. "Amepimwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua Labrador wa mbegu safi, mwenye karatasi za ukoo zinazotaja mababu hadi kizazi cha nne, nikakabidhiwa bahasha yenye majibu ya maabara, na neno "amepimwa" likanitosha. Jioni ile niliisoma karatasi hiyo kwa mara ya kwanza neno kwa neno. Ilisema Shujaa hana kasoro ya jeni inayoleta aina moja ya upofu, na hana ile inayowafanya baadhi ya Labrador kulegea miguu ya nyuma baada ya mbio kali. Yote mawili yalikuwa kweli, na ni kweli mpaka leo. Aliyeniuzia hakunidanganya. Nyonga hazikutajwa popote kwa sababu hazikuwahi kupigwa picha: si za Shujaa, si za mama yake, si za baba yake. Na mimi sikuuliza. Nilinunua mbuzi kwenye gunia, gunia lenyewe likiwa limebandikwa cheti.

Tangu nianze kuzungumza hadharani kuhusu mbwa, ujumbe ninaoupata zaidi ni huu: "Nimepata mtoto wa mbwa, ni wa mbegu, amepimwa, nimchukue?" Nami huwajibu kwa swali la daktari yule. Makala hii ni kwa ajili ya wale wanaoniuliza tena, "Kwani kuna vipimo vingapi?"

Nianze na nyonga, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha. Kichwa cha mfupa wa paja hutakiwa kukaa ndani ya tundu la nyonga kama mchi ndani ya kinu: kimezama vya kutosha, kinazunguka bila kuyumba. Kwa mbwa mwenye hitilafu ya nyonga, kinu hakina kina. Wakati mwingine kimebaki kama sahani, na mchi unacheza humo katika kila hatua. Gegedu inasagika. Mwili unajaribu kuziba pengo kwa kuotesha mfupa pembeni, na mfupa huo wa ziada ndio unaoleta kukakamaa na maumivu ambayo watu huyaita uzee. Shujaa aliyapata kabla hajatimiza mwaka.

Hakuna jeni moja ya kulaumiwa hapa. Zinachangia jeni nyingi, kila moja kidogo, na juu yake unakuja uzito, chakula na malezi. Kwa hiyo kipimo cha jeni kutoka mdomoni hakiwezi kukuambia nyonga za mbwa zikoje; lazima apigwe eksirei. Hulazwa kwa dawa, akawekwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa sambamba, na magoti yakageuzwa kidogo kuelekea ndani mpaka vifuniko vyake vikae katikati. Kiuno kikiinama upande mmoja hata kidogo tu, picha inadanganya: nyonga moja itaonekana nzuri kuliko ilivyo na ya pili mbaya kuliko ilivyo. Nimesimama nyuma ya kioo nikaona daktari akirudia picha ya mbwa mmoja mara tatu, akimweka sawa kwa mito ya sponji, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umeinuka kwa upana wa kidole. Tangu siku hiyo nikionyeshwa picha ya nyonga, kabla ya kutazama kinu na mchi natazama kwanza kama kiuno kimekaa sawa.

Marekani, shirika la OFA lililoanzishwa mwaka 1966 hupokea picha hizi, wataalamu watatu wakazisoma kila mmoja kivyake, na mbwa akapewa moja ya madaraja saba. Halitoi daraja la kudumu kabla mbwa hajafikisha miezi 24. Waingereza huhesabu alama, kuanzia 0 hadi 53 kwa kila nyonga, kwa hiyo jumla mbaya kabisa ni 106, na namba ndogo ndiyo nzuri. Nchi nyingi za Ulaya hutumia herufi, A mpaka E. Halafu kuna PennHIP, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambayo hupima ni kiasi gani kichwa cha paja kinaweza kuvutika nje ya tundu lake, na hiyo hufanyika hata kwa mbwa wa wiki 16. Mtu akikwambia "nyonga zake ni nzuri" bila kutaja daraja, bila kutaja mfumo, bila tarehe ya picha, amekupa maoni yake tu. Mwombe karatasi.

Hata karatasi nzuri si ahadi. Wazazi wenye nyonga safi wanaweza kumzaa mwenye nyonga mbovu; uwezekano unapungua lakini hauishi. Ndiyo maana wafugaji makini hawaishii kwa baba na mama. Huuliza habari za ndugu wa tumbo moja, shangazi, wajomba, na watoto wa uzao uliopita. Dume mwenye picha nzuri ambaye ndugu zake wanne wanachechemea amebeba kitu ambacho picha yake haionyeshi.

Na malezi yana nguvu kuliko nilivyodhani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Waligawanywa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo uliwachelewa. Wanorwei nao waligundua kwamba watoto wa mbwa waliotumia ngazi kabla ya miezi mitatu walipata hitilafu ya nyonga zaidi kuliko wale ambao hawakuzitumia. Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa kwenye ngazi zetu, zile zile za kwenye video. Shujaa alikuja nyumbani akiwa na wiki nane, na kupanda ngazi hizo ndio mchezo wa kwanza tuliomfundisha.

Chausiku alikuja miaka miwili baadaye, mweusi tii, kwa hiyo jina halikuwa na ubishi. Safari hii niliuliza mpaka nikawa kero. Nyonga za wazazi, karatasi hizi hapa. Viwiko vyao, hizi hapa. Macho yao, yamekaguliwa na daktari wa macho ya wanyama kila mwaka. Majibu ya jeni, haya hapa. Na humo nikakuta mama yake ni mbebaji wa prcd-PRA, aina ileile ya upofu iliyotajwa kwenye karatasi ya Shujaa.

Ugonjwa huu huanza na giza. Mbwa anasita mlangoni jioni, anagonga kiti kilichosogezwa, macho yanang'aa kupita kawaida kwa sababu mboni imebaki wazi ikitafuta mwanga. Hakuna maumivu. Retina inakufa polepole, usiku kwanza, mchana baadaye, na kwa Labrador wengi dalili huonekana akiwa mtu mzima, aghalabu miaka ambayo tayari ameshazaa. Hapo ndipo ubaya wake: kabla ya kipimo cha jeni, ulijua mbwa ni mgonjwa wakati watoto wake wameshatawanyika nyumba ishirini. Mwaka 2006 watafiti waliipata kasoro yenyewe. Ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni moja, na kasoro hiyohiyo ilikutwa pia kwa binadamu mwenye ugonjwa wa retina.

Sampuli yenyewe ni kazi ya dakika moja, lakini nimeona watu wakiiharibu. Mbwa asile wala asitafune kitu kwa saa moja kabla. Brashi ndogo inaingizwa kati ya shavu na ufizi, inazungushwa na kusuguliwa kwa nguvu kiasi, maana unatafuta seli za shavu, mate hayakutoshi. Kisha unaiacha ikauke kabla ya kuifunga. Ukiifunga mbichi itaota ukungu njiani. Na andika jina na namba ya chipu kwenye bahasha kabla ya kumgusa mbwa. Ukisema utaandika ukimaliza, na una mbwa wawili na mlango unagongwa, utakuwa na majibu sahihi ya mbwa ambaye siye.

Majibu ya Chausiku yalisema: mbebaji.

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Kisha nikampigia simu mama mmoja ambaye amezalisha mbwa kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye sote tunamwita Bibi. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamalizia kwa kusema nimeamua Chausiku afungwe kizazi.

"Macho yake yana nini?" akauliza.

"Hayana kitu, Bibi."

"Atakuja kuwa kipofu?"

"Kwa ugonjwa huo, hapana."

"Nyonga? Moyo? Tabia?"

Nyonga zilikuwa zimesomwa, nzuri. Moyo umesikilizwa, hauna tatizo. Tabia, tangu nianze kufuga sijaona mbwa mtulivu kama yeye.

"Sasa unamfukuza kwa kosa gani, mwanangu?"

Alinieleza vizuri kuliko nilivyokuwa nimesoma popote. Kila jeni huja kwa jozi, nakala moja ya mama, nyingine ya baba. Kwa magonjwa ya aina hii mbwa huugua pale tu nakala zote mbili zikiwa na kasoro. Chausiku ana moja mbovu na moja nzima, na ile nzima inatosha kumlinda maisha yake yote. Akipandishwa na dume asiye na nakala mbovu, hakuna mtoto hata mmoja atakayepofuka kwa kasoro hiyo. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa mbebaji kama mama yake. Akipandishwa na mbebaji mwenzake, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kupofuka. Nasema kila mtoto, kwa sababu watu hudhani maana yake ni watoto wawili katika wanane. Kila mmoja huchota kura yake. Uzao wa wanane unaweza kutoka bila hata mmoja, au wakatoka wanne. Dume asiyepimwa kabisa ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwani hapo hujui kura ina nini.

Bibi pia ndiye aliyenisimulia habari za Basenji, na baadaye nikazisoma mwenyewe. Ni mbwa wa Bonde la Kongo, asiyebweka kama wengine. Jina lake limetoka katika lugha za huko, na msomaji wa Kiswahili atasikia mara moja undugu wake na neno letu "mshenzi". Nimekuwa nikiona uchungu kwamba mbwa mzuri namna ile alibandikwa jina la dharau na kusafiri nalo duniani kote. Mbwa wachache tu walipelekwa Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1930, na karibu Basenji wote wa ng'ambo walitokana na hao. Ukajitokeza upungufu wa damu wa kurithi, ukapatikana uwezo wa kuwatambua wabebaji, na wafugaji wakafanya kile kilichoonekana ni uadilifu: wabebaji wakaondolewa kwenye uzazi. Ugonjwa ule ukapungua kweli. Lakini kila mbebaji aliyeondolewa aliondoka na jeni zake nyingine zote nzuri, katika mbegu ambayo tangu mwanzo haikuwa na akiba. Matatizo mengine yakapata nafasi, hasa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambapo figo huacha sukari na virutubisho vipotee kwenye mkojo. Wataalamu wa jeni bado huitaja habari hii kama onyo. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kilikubali kufungua daftari la ukoo na kuingiza Basenji wapya waliochukuliwa Afrika, jambo ambalo vyama hivi hulifanya kwa shida sana.

Nikaongeza na hili: mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mbwa zaidi ya milioni moja, wa mbegu na mchanganyiko, waliopimwa kasoro 250 zinazojulikana. Asilimia 57 walikuwa na angalau nakala moja ya kasoro mojawapo. Tukiamua kwamba mbebaji hafai, tutakuwa tumefukuza zaidi ya nusu ya mbwa.

Chausiku hakufungwa kizazi.

Kipimo cha jeni nacho kina upofu wake, na hapa nataka kuwa mkali kidogo, kwa sababu biashara imeingia. Siku hizi unatuma brashi moja na kurudishiwa kurasa nyingi zenye alama za kijani: magonjwa zaidi ya 200, yote salama. Mengi ya magonjwa hayo hayajawahi kuonekana katika mbegu ya mbwa wako. Ni sawa na kumpongeza samaki kwa kutozama. Mbwa anaweza kuwa na alama za kijani 200 na nyonga kama za Shujaa, na moyo ambao hakuna aliyeusikiliza. Upofu wenyewe una aina nyingi zenye kasoro tofauti. Karatasi inayosema mbwa hana prcd imezungumzia hiyo moja tu, ndiyo maana daktari wa macho bado anatakiwa kumulika macho yake kila mwaka.

Halafu kuna kasoro ambazo kuwa nazo si kuugua. Mwaka 2009 iligunduliwa kasoro katika jeni ya SOD1 inayohusiana na ugonjwa wa uti wa mgongo ambao hulemaza mbwa wazee polepole, kuanzia miguu ya nyuma, kwa kawaida baada ya umri wa miaka minane. Jeni hiyohiyo inahusika na ALS, ugonjwa wa neva unaolemaza binadamu. Mbwa mwenye nakala mbili yuko hatarini, lakini wengi hufa kwa uzee wakitembea vizuri, na hatari inatofautiana sana kati ya mbegu na mbegu. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha maoni ya watafiti waliosimulia habari za pug wa miaka 13 aliyeanza kushindwa kutembea. Wenye mbwa walifanya kipimo cha jeni, kikaonyesha kasoro, wakaamini ndiyo sababu, wakaomba alazwe usingizi wa mwisho. Uwezekano kwamba kasoro ile ndiyo iliyokuwa inamlemaza ulikuwa mdogo. Huenda alikuwa na tatizo la mgongo linalotibika. Nimemfikiria mbwa yule mara nyingi. Waliompenda walipata jibu sahihi la maabara, kisha wakalitumia kujibu swali ambalo maabara haikuulizwa.

Upande mwingine, kipo kipimo kimoja cha jeni ambacho ningependa kila mwenye Collie, Australian Shepherd na jamaa zao akifanye hata kama hana mpango wa kuzalisha: MDR1. Herufi nne zimefutika katika jeni inayotengeneza pampu za kusukuma dawa nje ya ubongo. Ilijulikana mwaka 2001. Mbwa mwenye nakala mbili akipewa kiwango kikubwa cha ivermectin, au hata dawa ya kawaida ya kuhara iitwayo loperamide, dawa inaingia ubongoni: anapepesuka, anapoteza fahamu, anaweza kufa. Brashi moja mara moja maishani, majibu yakae kwenye faili lake kwa daktari. Basi.

Kwa Doberman mambo ni kinyume kabisa. Adui wao mkubwa ni moyo unaotanuka na kulegea. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao huupata ugonjwa huo katika maisha yao. Kasoro za jeni zilizokwisha kugunduliwa hazitoshi kutabiri nani ataugua, kwa hiyo mbwa huvalishwa kijikoti chenye mashine ya Holter kinachorekodi mapigo kwa saa 24, na moyo hutazamwa kwa ultrasaundi, kila mwaka kuanzia anapofika miaka mitatu hivi. Jibu zuri la mwaka jana ni la mwaka jana. Ukiuziwa mtoto wa Doberman kwa cheti cha moyo cha mama kilichopigwa mhuri miaka minne iliyopita, mama huyo hajapimwa.

Na wapo ambao kipimo hakiwezi kuwasaidia kuchagua, kwa sababu hakuna wa kuchaguliwa. Dalmatian wote wa mbegu safi walikuwa na nakala mbili za kasoro inayojaza asidi ya uriki kwenye mkojo, na baadhi yao, hasa madume, huziba njia ya mkojo kwa mawe. Utampima nani, umwache nani? Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha Dalmatian na mbwa wa mbegu nyingine, Pointer, mara moja tu, kisha kila kizazi kilichofuata akakirudisha kwa Dalmatian, akichagua wale wenye mkojo salama. Vizazi vikapita, mbwa wakawa na madoadoa yale yale na umbo lile lile, na bado walikataliwa kwa miongo mitatu kwa sababu ya babu mmoja. Jeni ilitambuliwa mwaka 2008. AKC iliwakubali mwaka 2011. Miaka yote hiyo madume waliendelea kufanyiwa upasuaji wa mawe ili daftari libaki safi. Sioni namna ya kulitetea hilo. Kwa Cavalier King Charles, wenye mioyo inayochoka mapema na mafuvu yasiyotosha ubongo, suala lilifika Mahakama ya Juu ya Norway, ambayo mwaka 2023 iliamua kwamba kuendelea kuwazalisha jinsi wanavyozalishwa ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Chausiku alizaa wanane, baba yao akiwa dume asiye na kasoro ile, nyonga na viwiko vyake vimesomwa. Niliwachukua sampuli wiki ya saba, walipokwisha kuachishwa ziwa, maana mtoto anayenyonya ana seli za mama mdomoni. Wanane kwenye kikapu, wote weusi, kila mmoja na utepe wa rangi yake shingoni na bahasha ya rangi hiyohiyo ikimsubiri mezani. Nilimwinua mmoja, nikamsugua shavu, akaitafuna brashi, nikamrudisha upande wa pili wa chumba, nikafunga bahasha, ndipo nikamgusa wa pili. Wabebaji wakawa watano, watatu hawana. Familia moja iliposikia neno "mbebaji" ikajitoa. Niliwaelewa, nilishakaa na neno hilo siku mbili. Wengine niliwaandikia kwenye karatasi ya kila mtoto, kwa mkono: kilichopimwa, lini, na chini yake orodha ndefu zaidi ya visivyopimwa bado.

Mmoja wa wabebaji nilibaki naye. Anaitwa Tausi, na mwezi uliopita alitimiza miezi 25, tukampeleka kupigwa picha. Shujaa tulimwacha nyumbani. Ana miaka tisa sasa, analala kwenye godoro nene karibu na mlango, na ngazi zimezibwa kwa geti tangu Chausiku alipokuja. Daktari alikuwa yule yule. Tausi alilazwa chali, kiuno kikasawazishwa, nikaenda nyuma ya kioo. Picha ilipotokea kwenye skrini niliona michi yote miwili imezama, au niliona ninachotaka kuona. Nikamwuliza daktari. Akasema tusubiri wasomaji, akamgeuza Tausi ubavu, akaanza kumkunja mkono wa kulia kwa ajili ya picha ya kiwiko, dawa ikiwa bado haijamwisha. Macho ni tarehe 14.